Kugawa Sauti Ndani ya Gari: Historia ya Krosova Pasivu na Aktivu

Krosova ni saketi inayogawa umeme wa muziki ili kila spika ipate sehemu inayoiweza: sauti nzito ziende kwenye wufa, za kati kwenye spika za mlangoni, nyembamba kwenye tweeta. Haja yake inatokana na spika zenyewe. Sikio changa husikia tangu Hezi 20 hadi Hezi 20,000, upana wa okteva kama kumi, na hakuna spika moja iwezayo kuubeba wote sawasawa. Koni pana husukuma hewa nyingi, ndiyo maana inafaa kwa besi, lakini ni nzito mno kutikisika mara elfu kumi kwa sekunde. Tweeta ya inchi moja huimudu kasi hiyo bila shida, ila ikipelekewa besi, koili yake huungua.

Kazi hiyo ya kugawa yaweza kufanyika mahali pawili. Krosova pasivu hukaa baada ya amplifaya, kati yake na spika. Imeundwa kwa koili, kapasita na rezista tu, wala haihitaji umeme wa kuiendesha. Krosova aktivu hukaa kabla ya amplifaya: huyagawa mawimbi yangali dhaifu, kisha kila fungu hupewa amplifaya yake. Kwa hiyo anayechagua aktivu huchagua pia kununua amplifaya zaidi, na bei ya amplifaya hizo ndiyo iliyoendesha historia yote ya kifaa hiki. Mafundi hubishana ipi yenye sauti nzuri, lakini kwa karibu miaka mia moja jambo lililoamua lilikuwa gharama ya nguvu na mahali inapopatikana.

Vichujio vya umeme havikubuniwa kwa ajili ya muziki. Vilizaliwa katika simu. Katika miaka ya 1910 kampuni za simu zilitaka kupitisha mazungumzo mengi kwenye waya mmoja, kila mazungumzo yakiwa na masafa yake, na hilo lilihitaji njia ya kuyatenganisha upande wa pili. George Campbell wa kampuni ya AT&T huko Marekani, na Karl Willy Wagner huko Ujerumani, waliifikia njia hiyo karibu wakati mmoja, kila mtu kwa hesabu zake: koili huzuia mawimbi ya kasi na kupitisha ya polepole, kapasita hufanya kinyume, na ukizipanga kwa mfuatano unapata saketi inayochagua. Campbell alipata hataza yake mwaka 1917. Otto Zobel, aliyefanya kazi katika kampuni hiyo hiyo, alichapisha mwaka 1923 nadharia iliyowawezesha wahandisi kuunda vichujio kwa vipimo badala ya kubahatisha. Saketi ndogo ya rezista na kapasita inayowekwa sambamba na spika ili kutuliza mabadiliko ya ukinzani wake ingali inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1930 Mwingereza Stephen Butterworth akaonyesha jinsi ya kuunda kichujio kisicho na mawimbi-mawimbi katika sehemu inayopitisha. Misingi yote ya krosova ilikuwa imekamilika kabla spika za kisasa hazijatimiza miaka kumi.

Spika hizo, za koili inayosogea ndani ya uga wa sumaku na kusukuma koni ya karatasi, zilielezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric mwaka 1925. Sinema zenye sauti zilipoenea miaka michache baadaye, kumbi kubwa zilihitaji sauti yenye nguvu na upana, na spika moja haikutosha. Onyesho lililothibitisha njia ya kugawa lilifanyika usiku wa 27 Aprili 1933. Orkestra ya Philadelphia ilipiga muziki mjini kwake, na watu walioketi katika ukumbi wa Constitution Hall, Washington, wakausikia kupitia nyaya za simu za maabara ya Bell, huku Leopold Stokowski akiwa Washington akirekebisha sauti kwa mkono wake. Chaneli zilikuwa tatu. Kila chaneli ilikuwa na pembe kubwa ya sauti nzito na pembe ndogo za sauti nyembamba, na krosova ikigawa kazi baina yake karibu na Hezi 300. Muda si mrefu studio ya MGM, chini ya Douglas Shearer, ikatengeneza mfumo wa njia mbili kwa ajili ya kumbi za sinema, na mwaka 1945 kampuni ya Altec Lansing ikatoa ule ulioitwa Voice of the Theatre, uliotumika katika kumbi nyingi za sinema duniani.

Katika mifumo hiyo krosova ilikuwa pasivu. Amplifaya za wakati huo zilikuwa za valvu, zenye transfoma nzito za chuma, zikila umeme mwingi na kutoa joto kali, na wati chache zilizopatikana zilikuwa mali ya thamani. Kumwambia mwenye ukumbi anunue amplifaya ya pili kwa ajili ya sauti nyembamba tu kungekuwa sawa na kumwongezea gharama kubwa. Koili nzito na kapasita za mafuta zilipoteza sehemu ya nguvu, lakini bado zilikuwa nafuu kuliko valvu.

Gari liliingia katika historia hii likiwa na shida zake. Mwaka 1930 kampuni ya Paul Galvin huko Chicago ilitoa redio ya gari iliyopewa jina la Motorola, jina ambalo baadaye lilikuja kuwa la kampuni yenyewe. Ulaya, kampuni ya Blaupunkt ilitoa ya kwanza mwaka 1932. Redio hizo zilikuwa na valvu zinazohitaji volti zaidi ya mia moja, ilhali betri nyingi za magari ya Marekani zilikuwa za volti 6. Pengo hilo lilizibwa kwa kifaa cha kutetemeka kilichokata na kuunganisha umeme wa betri mara nyingi kwa sekunde ili transfoma iweze kuupandisha. Kililia kama nyuki na kuharibika mara kwa mara. Spika ilikuwa moja, ndani ya dashibodi au chini yake. Hapakuwa na krosova, na haikuhitajika: matangazo ya AM yalikuwa na sauti iliyokomea karibu Hezi 5,000, na kelele za injini na upepo zilimeza mengi ya yaliyobaki. Krosova haina kazi pasipo kitu cha kugawa.

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo, yakichukua miaka ishirini. Kwanza ni chanzo cha sauti. Blaupunkt ilileta redio ya gari ya FM mwaka 1952, na FM hubeba sauti hadi Hezi 15,000. Ukaja utepe: Philips ilizindua kaseti mwaka 1963, na Ford ikaanza kuuza magari ya mwaka wa 1966 yenye mtambo wa kanda za njia nane uliobuniwa na kundi la William Lear. Sasa dereva alikuwa na muziki wa stirio alioutaka yeye, wenye sauti nyembamba halisi. Pili ni umeme. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 magari ya Marekani yalikuwa yakihamia betri za volti 12. Mwaka 1955 Chrysler na Philco zikatangaza redio ya gari ya transista tupu, isiyo na valvu hata moja, kwa bei ya dola 150, fedha nyingi kwa siku hizo. Kisha Valiant ya Chrysler ya mwaka 1960 ikaja na alteneta badala ya dinamo, na kampuni nyingine zikafuata. Alteneta huzalisha umeme wa kutosha hata injini ikiwa inanguruma polepole kwenye foleni, hali ambayo dinamo iliishindwa.

Krosova ya kwanza iliyoingia kwa wingi katika magari ilikuwa kapasita moja. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Jensen na nyinginezo ziliuza spika za umbo la yai, inchi 6 kwa 9, zenye tweeta ndogo iliyoning'inizwa mbele ya koni kubwa. Nyuma yake palikuwa na kapasita iliyogandishwa kwa gundi, ikizuia besi isiifikie tweeta, huku koni kubwa ikiachwa ipokee kila kitu. Hesabu yake ni nyepesi: kwa tweeta ya omu 4 inayoanza kazi kwenye Hezi 3,500, inahitajika kapasita ya maikrofaradi 11.4. Mteremko wake ni desibeli 6 kwa kila okteva, maana yake okteva moja chini ya hapo sauti bado inapita kwa kiasi kikubwa. Kifaa hicho duni, kinachogharimu senti kadhaa, kiliwapa mamilioni ya watu sauti ya gari iliyo bora kuliko chochote walichowahi kukisikia barabarani, nacho hakistahili kudharauliwa. Kingali kimo katika spika nyingi zinazouzwa leo.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa nguvu. Injini ikiwaka, umeme wa gari hufika volti 14.4 hivi. Amplifaya ya kawaida inayotegemea volti hizo, hata isipopoteza chochote, haiwezi kuipa spika ya omu 4 zaidi ya wati 6 na nusu. Zikiunganishwa mbili kwa mtindo wa daraja, moja ikivuta nyingine ikisukuma, hesabu inafika wati 26, na kwa kweli zinazopatikana ni chini ya hapo. Hii ndiyo sababu spika za gari zikawa za omu 4 wakati za sebuleni ni 8: kwa volti zile zile, ukinzani ukipungua nusu nguvu huongezeka maradufu. Ndiyo sababu pia redio nyingi za gari zisizo na amplifaya ya nje hazivuki mpaka huo, hata kama kwenye makasha yake imeandikwa wati 50 kwa chaneli.

Njia ya kuuvuka ilikuwa kuongeza volti. Jim Fosgate wa Arizona alianza kutengeneza amplifaya za gari mwaka 1973, na kampuni iliyotokana na kazi yake, Rockford Fosgate, ikawa miongoni mwa majina makubwa ya fani hii. Amplifaya za aina hiyo hubeba ndani yake kibadilishi kinachoukatakata umeme wa betri kwa kasi kubwa kwa transista, kuupitisha kwenye transfoma ndogo na kutoa volti za juu za chanya na hasi. Ni wazo lile lile la redio za miaka ya 1930, isipokuwa sasa halina kitu kinachotetemeka. Wati 50, kisha 100, zikawezekana ndani ya gari. Mwenye gari sasa angeweza kuweka sabufa, spika kubwa ya besi, nyuma, na swali la kugawa sauti likawa la lazima.

Wakati huo huo krosova aktivu ilikuwa imekomaa nje ya gari. Marantz iliuza krosova ya valvu kwa wapenda muziki wa nyumbani katika miaka ya 1950, lakini wateja wake walikuwa wachache wenye uwezo. Mwaka 1955 R. P. Sallen na E. L. Key, wa maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT, walichapisha saketi za vichujio vinavyotumia rezista, kapasita na kikuza umeme kimoja, bila koili yoyote. Kuondoka kwa koili ni jambo kubwa: koili ndiyo kipande kizito, ghali na kinachopoteza nguvu katika kichujio chochote cha sauti. Baada ya hapo zikaja chipu za kukuza mawimbi, zijulikanazo kama opampu. Fairchild ilitoa ile ya namba 741 mwaka 1968, na katika mwongo uliofuata zikatoka zenye kelele ndogo zaidi, zilizofaa muziki. Kichujio ambacho kwa valvu kilijaza kasha zima sasa kilikaa kwenye kipande cha plastiki kisichozidi ukucha.

Hatua iliyoipa krosova aktivu sura yake ya sasa ni ya mwaka 1976. Siegfried Linkwitz, Mjerumani aliyefanya kazi ya uhandisi Hewlett-Packard huko California, alichapisha makala juu ya krosova za spika zilizopangwa mahali tofauti, akitumia kichujio alichokiandaa pamoja na Russ Riley. Tatizo lilikuwa hili. Katika masafa ambamo spika mbili hupokezana, zote mbili hulia kwa pamoja, na mawimbi yake yasipokwenda sambamba hupunguzana au kuelekezwa upande usiofaa. Krosova ya desibeli 12 kwa okteva huzifanya spika hizo zipingane kabisa, ndiyo maana fundi hugeuza nyaya za tweeta, chanya ikawa hasi. Kichujio cha Linkwitz na Riley kina mteremko wa desibeli 24 kwa okteva. Kila upande huwa chini kwa desibeli 6 kwenye masafa ya kupokezana, pande mbili hubaki sambamba, na jumla yake hurudi kuwa laini. Kwa njia ya pasivu, kila upande ungehitaji koili mbili na kapasita mbili kubwa, na hesabu ingevurugwa na spika zenyewe. Kwa opampu, ni rezista na kapasita ndogo za bei ya chini.

Katika miaka ya 1980 mambo hayo yote yalikutana kwenye gari. AudioControl, kampuni ya jimbo la Washington, iliuza krosova aktivu za gari zenye mteremko wa desibeli 24 na vijipande vya rezista vinavyochomekwa ili kubadilisha masafa ya kugawa. Mashindano ya muziki wa gari yalienea Marekani mwishoni mwa mwongo huo, na chama cha IASCA kikawa na majaji waliokaa kwenye kiti na kutoa alama kwa ubora wa sauti na mahali waimbaji walipoonekana kusimama mbele ya kioo. Washindani waligundua upesi kwamba alama nyingi zilipotea kwenye makutano ya spika, na krosova aktivu iliwaruhusu kuyarekebisha makutano hayo kwa kugeuza kitufe, ambapo mwenye pasivu alilazimika kununua kapasita nyingine na kuchomelea upya.

Faida yake katika nguvu ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Chukua wimbi la besi lenye kilele cha volti 10 na wimbi la sauti nyembamba lenye kilele hicho hicho. Yakipita kwenye amplifaya moja, kuna nyakati vilele hukutana na amplifaya hulazimika kufika volti 20. Kwa spika ya omu 4 hiyo ni amplifaya ya wati 50. Yakitenganishwa, kila amplifaya inahitaji volti 10 tu, yaani wati 12.5, na zote mbili kwa jumla ni wati 25. Nusu ya nguvu inafanya kazi ile ile. Isitoshe, besi ikizidi na amplifaya ya wufa ikaanza kukata vilele, uchafu unaozaliwa hauifikii tweeta. Katika gari, ambamo kila wati hutoka kwenye betri moja na alteneta moja, hesabu hii ina uzito kuliko ilivyo sebuleni. Inashangaza kwamba gari lililohitaji krosova aktivu kuliko nyumba lilisubiri muda mrefu hivyo kuipata.

Kwenye sabufa ushindi ulikuwa kamili. Kugawa kwenye Hezi 80 kwa njia ya pasivu, kwa spika ya omu 4, kunahitaji koili ya milihenri 8 na, upande wa pili, kapasita ya maikrofaradi 500 hivi, na huo ni mteremko wa desibeli 6 tu. Koili hiyo ni rundo la shaba. Ikiwa waya wake una ukinzani wa nusu omu, karibu sehemu moja kati ya tano ya nguvu iliyopaswa kuifikia spika hupotea. Kufikia miaka ya 1990 amplifaya za gari zilikuwa na vichujio ndani yake, na redio zenyewe zikaanza kuwa navyo. Koili kubwa za sabufa zikatoweka madukani, wala hakuna aliyezililia.

Viwanda vya magari navyo vilichukua njia hiyo kimyakimya. Kwa magari ya mwaka wa 1983, General Motors na Bose zilileta mfumo uliowekwa katika Cadillac Seville na magari mengine ya kampuni hiyo, kila spika ikiwa na amplifaya yake na kurekebishwa kulingana na umbo la gari husika. Audi A8 ilipopewa mfumo wa Bang & Olufsen mwaka 2005, spika zake 14 zilikuwa na chaneli 14 za amplifaya, jumla ya zaidi ya wati 1,000. Bei ya chaneli moja ilikuwa imeshuka mno kiasi kwamba kiwanda hakikuona sababu ya kuhangaika na koili.

Hata hivyo krosova pasivu haikufa, na kuna sababu za haki. Kampuni kama MB Quart ya Ujerumani, na nyingine za Ulaya na Marekani, ziliuza seti za spika za mlangoni na tweeta pamoja na kisanduku cha krosova kilichoundwa kwa ajili ya spika hizo na si nyingine. Mhandisi aliyeunda kisanduku hicho alikuwa na vipimo vya spika mbele yake: alijua ukinzani wa koili unapanda wapi, koni inaanza kupasuka sauti wapi, tweeta ina desibeli ngapi za ziada. Rezista mbili za kuchagua ziliruhusu tweeta ishushwe ikiwa imefungwa karibu na sikio. Mnunuzi alipata kazi ya kitaalamu kwa amplifaya ya chaneli mbili tu, na hapakuwa na kitufe cha kuharibu mpangilio huo.

Udhaifu wake upo katika joto na katika ukinzani unaobadilika. Kichujio pasivu hukokotolewa kwa omu 4, lakini spika haina omu 4 siku zote: ukinzani wake hupanda karibu na mlio wake wa asili, hupanda tena katika masafa ya juu, na huongezeka koili inapopata moto. Shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo koili iliyopanda nyuzi 100 huwa na ukinzani wa asilimia 40 zaidi. Masafa ya kugawa husogea nayo. Krosova aktivu haioni lolote kati ya hayo, kwa kuwa amplifaya imesimama baina yake na spika.

Lakini jambo lililoizidi nguvu krosova pasivu moja kwa moja ni kiti cha dereva. Sebuleni msikilizaji hukaa katikati. Ndani ya gari amekaa ubavuni, spika ya mlango wake iko karibu na goti na ya upande wa pili iko mbali. Sauti husafiri sentimita 34 hivi kwa milisekunde moja. Tofauti ya nusu mita ni milisekunde moja na nusu, inayotosha kumvuta mwimbaji aonekane anaimba mlangoni. Katika enzi za mashindano, gari la Richard Clark, Buick Grand National, lilijibu shida hiyo kwa spika za pembe zilizofungwa chini ya dashibodi, mbali kiasi kwamba tofauti ya umbali kati ya kushoto na kulia ilipungua. Ni jibu la seremala, na lilifanya kazi. Jibu la kudumu lilitoka kwenye kompyuta: ukichelewesha spika iliyo karibu kwa muda wa tofauti hiyo, sauti zote hufika pamoja. Hakuna koili wala kapasita ya saizi ya kawaida iwezayo kuchelewesha sauti hivyo.

Kichakataji cha dijitali, ambacho mafundi hukiita DSP, kiliingia katika mitambo ya bei kubwa ya Sony, Pioneer na Alpine katika miaka ya 1990. Kilichokieneza ni viwanda vyenyewe. BMW ilianza kutumia waya wa nuru wa MOST kwenye magari ya 7 Series mwaka 2001, na katika magari mengi yaliyofuata redio ikaunganishwa na kiyoyozi, skrini na mipangilio ya gari. Kuing'oa kukawa kuharibu gari. Vikatokea vifaa kama bit One ya Audison ya Italia, vilivyopokea sauti iliyokwisha kurekebishwa na redio ya kiwanda, kuisafisha, kuigawa upya na kuichelewesha kwa kila spika. Krosova ikawa mistari ya hesabu ndani ya chipu. Kubadilisha mteremko kutoka desibeli 12 hadi 24 sasa ni kubofya mara moja kwenye kompyuta mpakato.

Katika Afrika Mashariki uchaguzi huu hufika kwa njia ya pekee. Magari mengi huja yakiwa yametumika kutoka Japani, ambako FM kwa miaka mingi ilikuwa kati ya megahezi 76 na 90, wakati vituo vya Kenya, Tanzania na Uganda hutangaza hadi 108. Redio iliyokuja na gari haishiki vituo vingi, kwa hiyo mwenye gari hufunga kifaa cha kuhamisha masafa au hununua redio nyingine. Anapoibadilisha redio, ndipo fundi anapomuuliza kuhusu spika, amplifaya na sabufa. Katika nganya za Nairobi, yaani matatu zilizopambwa, zenye safu za spika na sabufa chini ya viti, kugawa kwa aktivu si anasa: bila hiyo tweeta zingeungua kila wiki.

Kutokana na historia hiyo, uamuzi wa leo unaweza kusemwa bila kusitasita. Sabufa igawiwe kwa aktivu, daima, kwa kichujio kilichomo ndani ya amplifaya au redio, na spika za mlangoni ziondolewe besi kwa njia hiyo hiyo, karibu na Hezi 80. Kati ya spika ya mlangoni na tweeta, mwenye amplifaya ya chaneli mbili na seti iliyokuja na kisanduku chake abaki na kisanduku hicho; akikitupa na kuweka aktivu bila kupima, atapata sauti mbaya kuliko aliyokuwa nayo. Mwenye chaneli nne, kichakataji cha dijitali na fundi mwenye maikrofoni ya kupimia aende aktivu, kwa sababu ya ucheleweshaji kuliko kitu kingine chochote. Tweeta iliyounganishwa moja kwa moja na amplifaya iwekewe kapasita ya kinga: kwa omu 4, maikrofaradi 40 huanza kuzuia karibu na Hezi 1,000, chini vya kutosha isiathiri krosova ya Hezi 3,000, na mshindo wa kuwasha mtambo au kosa la mpangilio halitaiunguza. Krosova pasivu zinazouzwa peke yake, zisizoundwa kwa spika yoyote maalumu, hazifai kununuliwa.